TAA SI GIA



Masika haya gari letu, ambalo hutungoja ng'ambo kule Musoma, liligeuza njiani na mzigo wa sangara. Dereva alivuta gia ya fowili, taa kwenye dashibodi haikuwaka, akauogopa ule udongo mweusi, akarudi. Barafu ikayeyuka, samaki wakaoza. Kesho yake fundi akasema giaboksi ifunguliwe yote. Bahati nzuri mzee mmoja wetu akaingia uvunguni: waya wa swichi umelika kwa matope! Basi, hasara yote ile ni kwa waya usiofika shubiri.

Sisi wa Rukuba taa tunaijua. Taa ya dagaa ikizimika usiku, hakuna anayesema dagaa wamekwisha ziwani. Tunatazama betri, waya na globu, kisha tunaendelea kuvua. Mbona kwenye gari tunasahau? Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 dereva alisukuma chini kile kirungu cha njano, akaijua fowili kwa mikono yake. Taa inaleta habari tu, na habari huweza kupotea njiani.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

Kwanza, ipimwe gia. Gari likiwa na vifungo kwenye habu za mbele, vifungwe. Weka fowili kwenye mchanga au udongo laini, ukate kona kali polepole. Usukani ukiwa mzito na gari likijivuta kama limeshikwa breki, fowili imeingia. Taa ndiyo mwongo. Jambo hili lisijaribiwe kwenye lami, linaumiza gia na matairi.

Pili, itazamwe fyuzi, halafu globu.

Tatu, ichomolewe plagi ya swichi iliyo kwenye giaboksi ndogo, isafishwe. Ufunguo ukiwa umewashwa, unganisha matundu mawili ya plagi kwa kipande cha waya. Taa ikiwaka na gia ilikwisha kupimwa ikaonekana nzima, swichi imekufa. Isipowaka, ubovu uko kwenye waya, fyuzi au globu. Haya ni kwa gari la zamani kama letu. Yale ya kompyuta yaachiwe fundi umeme.

Na taa ikigoma kuzimika baada ya kutoa fowili, usikimbilie lami. Rudi nyuma taratibu mita chache, usukani umenyooka. Mara nyingi gia huachia.

Dereva hatumlaumu, maana hakuna aliyemfundisha. Fundi naye tunamheshimu. Lakini kuanzia sasa giaboksi isifunguliwe kabla ya vipimo hivi kufanyika mbele ya wanakamati wawili, na gari likaguliwe kabla mvua hazijaanza. Fedha ya ushirika ni usingizi wetu tuliouacha ziwani. Tusiitupe ovyo kwa kuogopa taa.

Umoja ni nguvu!