Mto Nao Unahitaji Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuitumia methali hiyo madukani na katika vyama vya akiba, lakini ni nadra tuikumbuke tunapoizungumzia ile mali tuliyokabidhiwa na Mwenyezi Mungu bila malipo: mito, chemchemi, misitu na udongo. Mzee wa kijiji atasema kwamba mto ulikuwa na maji mengi zaidi wakati wa ujana wake, naye atakuwa anasema kweli. Hata hivyo, afisa akimwuliza umepungua kwa kiasi gani, na tangu mwaka upi, mzee hana la kujibu. Hapo kilio chake huhesabiwa kuwa masimulizi tu, na faili hufungwa.

Katika miaka ya karibuni watafiti wa mazingira wamekuwa wakiwaomba wananchi wa kawaida washirikiane nao katika kupima mvua, kina cha mito, usafi wa maji, na hata kuhesabu ndege na miti. Kazi hiyo huitwa sayansi ya wananchi. Ndani yake mwananchi si mtu wa kuhojiwa tu na kuachwa. Yeye mwenyewe hushika kipimo na kuandika alichokiona. Huenda baadhi ya waamini wakauliza: jambo hili linaihusu nini Tume ya Haki na Amani? Sisi twaona kwamba linatuhusu sana, kwa sababu katika meza zinakoamuliwa habari za maji na ardhi, mwenye takwimu ndiye asikilizwaye.

Tuchukue mfano wa hapa nchini Kenya. Mto Sondu-Miriu huanzia katika nyanda za juu za Mau, hupita kwenye mashamba ya chai na vishamba vya wakulima wadogo, kisha huingia katika Ziwa Viktoria. Watafiti walisimika vipimo 13 vyenye namba katika mito ya bonde hilo, na kando ya kila kipimo wakaweka bango la maelezo. Mpita njia yeyote aliweza kusoma namba iliyoguswa na maji, kisha akatuma kwa ujumbe mfupi wa simu namba ya kituo na kina alichokisoma. Hapakuhitajika simu ya bei ghali. Katika mwaka wa kwanza watu 124 walituma vipimo sahihi 1,175. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, na vipimo vya wananchi vilipolinganishwa na vile vya mtambo unaojipimia wenyewe, ilidhihirika kwamba wananchi walikuwa wamepima vizuri.

Ndugu wapendwa, tusilipite jambo hilo harakaharaka. Mara ngapi tumeambiwa kwamba raia wa kijijini hawezi kuaminiwa na jambo la kitaalamu? Hapa wananchi wa kawaida waliwekwa kwenye mizani na mtambo, wala hawakupungukiwa. Ukweli hauulizi cheti cha shule. Huuliza macho makini na moyo mwaminifu.

Lakini utafiti huohuo una funzo jingine, nalo ni la kututafakarisha. Asilimia 57 ya washiriki walituma taarifa mara moja tu, wasirudi tena. Waliotuma zaidi ya mara 10 kila mmoja walikuwa watu 13. Ugonjwa huu tunaufahamu. Nani kati yetu hajawahi kuiona kamati iliyozinduliwa kwa vigelegele, na baada ya miezi sita ikabaki na mwenyekiti na katibu wake? Kipimo cha siku moja ni habari. Kipimo cha miaka kumi ni ushahidi. Mto hauandikiwi historia na wenye shauku ya juma moja, bali na wale wachache wanaorudi ukingoni hata siku ambayo hapana jipya la kuona.

Nguvu ya ushahidi wa namna hiyo ilionekana mbali na hapa, katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, nchini Marekani. Mwezi wa Aprili 2014 mji huo ulibadilisha chanzo chake cha maji ili kupunguza gharama. Wakazi, wengi wao watu weusi na maskini, walilalamika kwamba maji yalikuwa na rangi na harufu mbaya, nao wakaambiwa na wakuu kwamba maji ni salama. Mwaka 2015 wakazi hao walishirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech. Vifaa 300 vya kukingia maji viligawanywa nyumba kwa nyumba, na zaidi ya nyumba 250 zikarudisha sampuli. Maabara ilionyesha kwamba madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto, yalikuwa mengi kupita kiasi katika nyumba nyingi. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alitangaza kwamba risasi ilikuwa imeongezeka katika damu ya watoto wa mji huo. Kufikia Oktoba mji ulirudishiwa maji ya awali. Malalamiko ya mwaka mzima na zaidi yalikuwa yamepuuzwa. Chupa zilizoandikwa tarehe na anwani hazikuweza kupuuzwa.

Mama Kanisa amekwisha kutuelekeza katika njia hii. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliutoa ujumbe wake wa Siku ya Amani ya tarehe 1 Januari 1990 kuhusu uhusiano wa amani na utunzaji wa viumbe vyote. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba wenyeji wa mahali wastahili nafasi ya pekee panapojadiliwa miradi inayogusa mazingira yao. Nasi twaongeza: anayeketi mezani na daftari lake hawezi kuambiwa kirahisi kwamba hajui asemalo.

Hata hivyo, hatuna budi kuwa macho, kwa maana hata jambo jema laweza kugeuzwa kuwa unyonyaji. Mtafiti anayekuja kuomba vipimo vyetu twampokea kwa mikono miwili, lakini kwa masharti ya haki. Kwanza, matokeo yarudi kijijini, yasomwe katika lugha inayoeleweka, wala yasiishie katika majarida ya ng'ambo. Pili, gharama ya simu na ya safari isibebwe na mama mjane anayejitolea muda wake. Tatu, mahali ambapo maji yanagombaniwa na wenye nguvu, jina la mpimaji lilindwe. Nne, kazi ya wananchi isiwe kisingizio cha Serikali kuacha wajibu wake. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina kazi yake kisheria. Sisi ni mashahidi, hatukuchukua nafasi yake.

Nasi pia tuna sharti letu, nalo ni uaminifu. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo ili wawapunje maskini. Atakayeongeza namba ili ashinde kesi dhidi ya mwenye shamba la juu ya mto, ajue kwamba dhambi ni ileile, hata kama kesi yenyewe ni ya haki. Siku ambayo hukupima, acha nafasi wazi katika daftari, usibuni. Wala tusidai zaidi ya tunachokijua: kina cha maji hakisemi kama maji yana sumu. Hilo ni la maabara, na tuliseme hivyo bila aibu.

Tunapendekeza basi kwamba kila baraza la parokia lilijadili jambo hili, na kila Jumuiya Ndogo Ndogo iliyo karibu na mto au chemchemi iteue watu wawili, mmoja akiugua mwenzake ashike zamu. Wapime saa ileile kila siku. Vituo vya hali ya hewa hupima mvua saa tatu asubuhi, nasi twaweza kufuata desturi hiyo. Waandike tarehe, saa, namba na jina la aliyepima. Nakala ya kila mwezi itunzwe katika ofisi ya parokia, na muhtasari usomwe baada ya Misa, ili jumuiya nzima iujue mwenendo wa maji yake. Watoto wa shule washirikishwe, kwa maana wao ndio watakaoyasoma madaftari haya tukiwa tumekwisha kulala.

Namba zikionyesha jambo la kutisha, tusikae nazo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea, hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa wa umma aamue ombi la habari mapema iwezekanavyo, isizidi siku 21. Barua ya ombi, ikiambatanishwa na kurasa za daftari, ina uzito ambao mikutano kumi ya manung'uniko haina.

Mungu alimweka mwanadamu bustanini ili ailime na kuitunza. Mtunzaji wa kweli hujua hesabu ya alichokabidhiwa, naye huweza kuitoa akidaiwa. Siku moja tutaulizwa habari za mito hii, na watoto wetu, na hatimaye na Yeye aliyetukabidhi. Tuanze kuandika sasa.