Bure Inayomfaa Mnunuzi

Karibu na kituo cha matatu ninaposhukia nitokapo shuleni pana vibanda vinne vya mboga. Vyote huuza sukuma wiki kwa bei moja, ilhali foleni ya jioni huwa kwenye kimoja tu. Mama mboga mwenye kibanda hicho huikata mboga papo hapo, nyembamba kabisa, wala haongezi hata senti. Mtu aliyechoka, ambaye watoto wake wanangoja chakula, hahitaji kuelezwa faida ya jambo hilo.

Wanafunzi wangu huniuliza: mwenye duka dogo atawezaje kushindana na supamaketi inayotangaza "nunua viwili upate cha tatu bure"? Hawezi kwa njia hiyo, kwani mara nyingi gharama ya zawadi kama hizo hubebwa kwa sehemu na kiwanda kinachotengeneza bidhaa. Kiwanda gani kitambebea mama mboga? Alicho nacho ni mikono yake na ujuzi wake.

Isitoshe, si kila cha bure huvuta watu. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku hapa nchini, karibu kila duka liliigawa bure. Kwa kuwa wote waliigawa, hapakuwa na aliyepata mteja kwa ajili yake.

Wauza vitabu ndio wanaonishughulisha zaidi. Tangu mwaka 2018, Serikali ilipoanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, maduka mengi ya vitabu yalipoteza sehemu kubwa ya riziki. Katika mji wetu yupo mmoja anayewafunikia watoto vitabu majalada bure. Hilo ni jema, ingawa ninalolistahi hasa ni jingine: huichukua orodha ya mzazi, akailinganisha na ile ya vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, kisha akamwambia, "Hiki usinunue, mtoto atapewa shuleni." Siku hiyo hupoteza mauzo. Muhula unaofuata mzazi yuyo huyo hurudi kununua madaftari, kamusi na hadithi, tena huja na jirani yake.

Kwingineko niliwahi kufunikiwa kitabu "bure", nikaja kugundua kuwa bei yake ilikuwa imepandishwa. Sijarudi huko. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji kuhusu anachonunua, na kinalitaka Bunge kutunga sheria ya matangazo ya kweli na ya haki. Mwalimu anayefundisha somo la biashara angefanya vyema kukifungua kifungu hicho darasani.

Tena awaulize wanafunzi bure hiyo hulipwa na nani. Juzi mama mboga alinionyesha kidole alichojikata. Foleni imerefuka, giza humkuta angali akikata, na wengine huondoka kwa kuchoka kungoja.

"Mwalimu," akaniuliza, "nikianza kutoza shilingi tano za kukata, watanihama?"

Nilimshauri asitoze kwanza, bali aanze kukata mafungu machache saa kumi, kabla ya msongamano. Nilimwarifu pia kwamba jirani yake wa kibanda cha pili amekwisha kununua kisu.