Hina ni ya Bi Harusi, si ya Kichanga

Hina ni pambo letu, na bi harusi ajipambe mpaka viwikoni. Lakini kumpaka hina mtoto mchanga, hapo hatukubali. Wapo watoto waliorithi upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga seli nyekundu za damu. Wavulana huathirika zaidi. Huurithi kwa mama, ambaye mara nyingi mwenyewe ni mzima. Rangi ya hina ikipenya ngozi yao laini, seli hizo hupasuka: mtoto hugeuka manjano, damu humpungukia, hata kufa anaweza. Kisha tunasema kapigwa jicho! Mila si faradhi. Kulinda nafsi ni faradhi. Bibi akija na bakuli la hina, tumwambie kwa adabu: "Shikamoo bibi, huyu bado."