Nyuzi za Platini na Haki ya Mgonjwa

Yapo maradhi yasiyobisha hodi. Miongoni mwake ni aneurisimu ya ubongo, yaani mshipa wa damu uliodhoofika ukutani mwake hadi ukatuna kama puto dogo. Wengi huishi nao pasipo kujua. Ukipasuka, kichwa huuma ghafla kwa ukali ambao mgonjwa hajapata kuuona maishani, shingo hukakamaa, na wengine huzimia papo hapo. Mtu wa namna hiyo asipewe aspirini, wala asipelekwe kwanza kwa mganga kutafutiwa mchawi; mshipa uliopasuka huweza kuvuja tena.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kufungua fuvu na kubana shingo ya uvimbe kwa kibanio. Mwaka 1990, huko Los Angeles, daktari Guido Guglielmi na wenzake walianza kuwatibu wagonjwa kwa njia nyingine. Mrija mwembamba huingizwa katika mshipa wa kinena, huongozwa kwa eksirei hadi kichwani, kisha nyuzi laini za platini hujazwa ndani ya uvimbe ili damu isiingie tena. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza, uliowahusisha wagonjwa 2,143 ambao mishipa yao ilikuwa imekwisha kupasuka. Miongoni mwa waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa njia ya platini, na asilimia 30.6 kwa upasuaji.

Hatusemi kwamba kisu kimepitwa na wakati. Utafiti ule uliwahusu wale tu waliofaa kwa njia zote mbili. Tena, aliyewekewa platini hana budi kurudi kupigwa picha, kwa kuwa uvimbe mwingine hufunguka upya. Hilo la kurudi ndilo linalotusumbua. Familia iliyouza ng'ombe kwa ajili ya safari ya kwanza itauza nini kwa safari ya pili?

Kwa maoni yetu, ni dhuluma kuihesabu tiba kuwa imekamilika siku mgonjwa anapotoka wodini. Viongozi wa jumuiya wanaochangisha fedha wamwulize daktari mapema: picha zinazofuata ni ngapi, zitapigwa wapi, na bima italipa kiasi gani? Majibu hayo yaandikwe, na gharama yake iingizwe katika mchango ule ule wa kwanza, kabla mgonjwa hajapanda gari.