Lita Nne kwa Kila Kichwa Si Mpango

Kila msimu wa kupanda Kilimanjaro unapowadia, wapandaji huimbiwa wimbo ule ule: bebeni lita nne kila mmoja, maji hayazidi. Ushauri huu unaudhi kwa sababu umevaa joho la busara. Maji ya mlimani hayapangwi kwa kuhesabu vichwa; hupangwa kwa saa za kutembea kutoka chanzo kimoja hadi kingine. Tazama njia ya Marangu. Mandara kuna maji, Horombo kuna maji. Ukishavuka kijito cha mwisho juu ya Horombo, unaingia jangwani, na kituo cha Kibo, kwenye mita 4,720, hakina chanzo: ya kunywa, ya kupikia na ya usiku wa kilele, yote hupandishwa kutoka chini. Kambi ya Barafu, katika njia nyingine, ni vivyo hivyo. Maji yake huchotwa bonde la Karanga. Basi lita nne zile zile ni mzigo wa bure kati ya Mandara na Horombo, lakini ukijumlisha sufuria za jikoni hazikutoshi hadi urudi kutoka kilele cha Uhuru. Kanuni inayokosea kotekote ina faida gani?

Watetezi wake hujibu kwamba bora yabaki kuliko yapungue. Hiyo ni kauli ya mtu asiyebeba. Lita moja ni kilo moja. Watu kumi wakidai lita tano kila mmoja pale Kibo, ni kilo 50, na mzigo wa mpagazi una ukomo wa kilo 20. Hao ni wapagazi watatu kwa maji peke yake. Tena hesabu hizi huanzia kwa mgeni na kuishia kwa mgeni, kana kwamba mpagazi hana koo.

Wengine hudai maji mengi huzuia ugonjwa wa mwinuko. Hayazuii. Kinachosaidia ni kupanda taratibu, na dalili zikizidi, kushuka. Anayejilazimisha kunywa huzimua chumvi ya damu, akaumwa kichwa na kutapika, dalili zile zile za mwinuko. Mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002 zilitoa funzo: kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na upungufu huo wa chumvi, na kunywa kupita kiasi kulichangia pakubwa. Na usiku wa kilele, wingi wa maji hausaidii ikiwa mpira wa kunyonyea maji umeganda. Chupa iliyofungwa sawasawa na kugeuzwa kichwa chini ndani ya soksi nzito hukufaa zaidi, maana barafu huanzia juu.

Kiongozi wa msafara aulizwe kabla ya kuondoka: chanzo kijacho kiko wapi, ni saa ngapi kukifikia, na nani atayachemsha? Akishindwa kujibu, hajapanga safari, hata akipakia madumu mia.