Picha ya Ndege Aliyetishwa

Yuko mtu atokaye alfajiri katika hoteli ya wageni, akafika ufuko wa Ziwa Nakuru, akakuta heroe wameinamisha vichwa majini, naye asiridhike. Anataka waruke. Picha ya ndege arukaye, husema, hupendeza kuliko ya ndege alaye. Basi honi hupigwa, au gari huendeshwa kuwaelekea. Kundi zima hunyanyuka kama nguo nyekundu iliyopeperushwa na upepo, kamera zikalia, na watu wakacheka. Mimi nakiita kitendo hiki dhuluma, wala siombi radhi kwa neno hilo.

Mtazameni ndege huyo kazini. Heroe mdogo huinamisha kichwa hata mdomo ukapinduka juu chini, akavuta maji ya magadi kwa ulimi na kuyachuja upesi upesi, ili apate mwani ambao chembe zake ni ndogo mno kwa jicho la mtu. Hiyo ndiyo kazi yake ya mchana, na mara nyingi ya usiku pia. Wekundu wake, ule unaofuatwa na kamera, hutokana na chakula hicho. Amrushaye kwa ajili ya rangi yake humnyima kile kiletacho rangi.

Na chakula chenyewe kimepungua. Ziwa hili lilifanywa hifadhi ya ndege mwaka 1960, likawa mbuga ya taifa mwaka 1968. Tangu miaka ya 2010 maji yake yamefurika, ukali wa magadi ukapungua, mwani ukawa haba, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Aliyekwisha kufukuzwa na mafuriko afukuzwe tena na honi?

Kwenye viota ubaya huzidi. Mwari, ndege mkubwa mwenye mfuko mdomoni, hutaga juu ya miamba ya Ziwa Elementaita. Akitishwa akaondoka, yai hubaki juani.

Nitaambiwa kwamba mgeni huleta fedha, na fedha hulinda mbuga. Ni kweli, mshahara wa askari wa wanyama hautoki mbinguni. Lakini mgeni hakulipa kiingilio ili aone ziwa tupu. Tena lawama si yake peke yake. Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi wangu wa ualimu ufukoni, na mmoja alipoinua simu yake, mimi mwenyewe, mwalimu wao, nilipiga makofi. Ndege waliruka wakatua mbali. Tulingoja saa nzima, wala hawakurudi. Picha ile ninayo: mbawa, maji, na pembeni mikono yangu miwili imekutana.

Basi, enyi vijana wa Nakuru, Gilgil na Naivasha, ambao kesho mtashika usukani wa magari hayo: mgeni akikuamuru upige honi, zima injini. Atanung'unika. Mwache anung'unike. Mkitulia, huenda heroe wakasogea wenyewe karibu na gari, huku wakila.