NMB au CRDB? Somo la Miaka ya Mdororo

Zamani mkazi wa Mzenga aliyetaka kununua hisa alilazimika kusafiri hadi Dar es Salaam kumtafuta wakala. Leo, kwa mfumo wa Hisa Kiganjani wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, fedha za korosho zaweza kugeuka hisa kwa simu. Ndiyo maana swali lililokuwa la watu wa mjini linawahusu sasa hata waamini wa vigangoni na vikundi vyao vya kuweka na kukopa: kati ya NMB na CRDB, ipi inunuliwe?

Miaka hii ya neema haitoi jibu zuri. Tutazame ile ya mdororo, kati ya 2016 na 2020.

NMB iliuza hisa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600, na CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150. Mwaka 2015 CRDB iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa shilingi 350. Kisha upepo ukageuka. Serikali iliagiza mashirika ya umma yahamishie fedha zao Benki Kuu, mzunguko wa fedha ukabana, wakopaji wakashindwa kulipa. Kufikia mwisho wa 2017 zaidi ya asilimia 10 ya mikopo ya mabenki nchini ilikuwa chechefu, ilhali Benki Kuu hutaka isizidi asilimia 5. Januari 2018 benki ndogo tano zilifungwa kwa siku moja. Faida ya CRDB ilikuwa imeshuka sana, na hisa iliyonunuliwa kwa 350 hatimaye ikauzwa chini ya 100.

Waliopenda NMB walitaja faida yake kubwa zaidi, matawi yake wilayani, na bei isiyoyumba, kwani ilisimama karibu na shilingi 2,340 kwa muda mrefu. Waliopenda CRDB walijibu kwamba hisa inapouzwa chini ya thamani ya mali halisi ya benki, anayefaidi ni mnunuzi.

Kwa maoni yangu, hoja ya kutoyumba ilikuwa dhaifu kuliko ilivyoonekana. Sehemu kubwa ya hisa za NMB imo mikononi mwa wenye hisa wawili wakubwa, mmojawapo Serikali, na zilizobaki zilibadilishana mikono kwa nadra. Bei ya ubaoni isiyo na mnunuzi ni kama bei ya kiwanja ambacho hakijapata mteja. CRDB, yenye wanahisa wadogo wengi, ilipata bei mpya mara kwa mara, na kwa hiyo maumivu yake yalionekana.

Baadaye benki zote mbili ziliinuka. Kwa mwaka 2024 kila moja ilipata faida ya zaidi ya shilingi bilioni 500. Aliyevumilia na CRDB hakujuta. Aliyeumia ni yule aliyenunua kwa fedha ya ada ya shule, na ada ikadaiwa wakati hisa imeanguka. Hata ng'ambo ni hivyo. Tarehe 27 Januari 2025 Nvidia, kampuni ya Marekani inayobuni vichakato vya kompyuta, ilipoteza kwa siku moja karibu dola bilioni 600 za thamani yake sokoni, kisha ikapanda kupita pale ilipokuwa. Mabishano kwamba ni bora kuliko mshindani wake AMD au la hayakumsaidia mtu aliyenunua kwa mkopo na kulazimika kuuza siku ile.

Kwetu kuna hatari nyingine, nayo imo katika neno lenyewe. Katika VICOBA tunanunua "hisa" kila wiki. Mwisho wa mzunguko kikundi kinavunja, na kila mmoja hutarajia kupokea alichoweka pamoja na faida. Hisa ya benki haina siku ya kuvunja, wala benki hairudishi bei ya kununulia. Anayetaka fedha yake hana budi kumpata mnunuzi, kwa bei ya siku hiyo.

Kwa hiyo kikundi kinachokusudia kupeleka akiba yake sokoni kijiulize kwanza, kabla ya kupigia kura benki: Desemba ikifika na bei imeshuka nusu, je, wanachama watakubali kutogawana mwaka huo, na maamuzi hayo yameandikwa katika katiba ya kikundi?